Hesabu ya Askari Wachache: Hoja Iliyomo Katika Kanuni za This Is the Police

Mchezo wa video uitwao This Is the Police, uliotengenezwa na studio ya Weappy ya mjini Minsk, Belarus, na kutolewa Agosti 2016, humkabidhi mchezaji kiti cha mkuu wa polisi wa Freeburg, jiji la kubuni la Marekani lililowekwa katika muongo wa 1980. Mkuu huyo, Jack Boyd, ana umri wa miaka 60, ameachwa na mkewe, na amekwisha kuarifiwa na ofisi ya meya kwamba baada ya siku 180 atastaafishwa, atake asitake. Katika muda huo amejiwekea lengo la kujikusanyia dola 500,000, kiasi ambacho mshahara wake hauwezi kukikaribia, na kwa sababu hiyo mchezaji hujua tangu mwanzo siku zilizobaki na fedha zinazotafutwa, kisha hujikokotolea mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwamba njia halali peke yake haitamfikisha.

Kazi ya namna hii huitwa mchezo wa mkakati wa usimamizi, yaani mchezo ambao ushindi wake hautegemei wepesi wa vidole bali ugawaji wa rasilimali chache kwa mahitaji mengi. Upekee wa This Is the Police ni kwamba imeunganisha utaratibu huo na hadithi ndefu ya uhalifu, inayosimuliwa kwa picha tulivu zenye rangi bapa na watu wasiochorwa macho wala midomo, huku sauti ya Boyd ikiwa ya Jon St. John, mwigizaji aliyejulikana kwa miaka mingi kama sauti ya shujaa mwenye majivuno Duke Nukem. Hapa mwigizaji huyo anazungumza kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kusema yote, na uteuzi wake una ucheshi ambao wachezaji wa siku nyingi waliutambua mara moja.

Hata hivyo, thamani ya mchezo huu kwa mtu anayetaka kuelewa jinsi idara ya polisi inavyofanya kazi haimo katika hadithi hiyo, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya kawaida, bali imo katika meza ya kazi ya kila siku. Siku huanza kwa Boyd kuchagua sahani ya muziki, na baada ya hapo ramani ya jiji hufunguka mbele yake ikiwa na majengo madogo meupe, huku saa ikienda mbio. Pembeni wamepangwa askari wa zamu ya siku hiyo, kila mmoja akiwa na tarakimu inayoonyesha kiwango chake cha umahiri pamoja na kipimo cha nguvu alizobakiwa nazo, na kwa kuwa zamu ni mbili zinazopokezana, nusu ya kikosi huwa nyumbani wakati nusu nyingine iko kazini. Simu ya dharura inapoingia, maelezo mafupi hutokea juu ya ramani: mtu ameonekana akivunja dirisha, mke na mume wanapigana, benki imevamiwa. Mchezaji hana budi kuamua papo hapo ni askari wangapi waende na ni akina nani, kwa maana waliotumwa hawawezi kuitwa tena mpaka wamalize na kurudi, na simu isiyojibiwa kwa wakati hupotea pamoja na aliyeipiga.

Hapo ndipo mkakati unapoanza kuuma. Akituma askari wanne kwenye wizi mdogo, mchezaji anajihakikishia kwamba mwizi atakamatwa, lakini dakika chache baadaye panaweza kuingia simu ya mauaji na ofisini akakuta wamebaki wawili, mmoja mgeni wa kazi na mwingine aliyekuja akinuka pombe. Akituma wachache, anaokoa akiba yake lakini anahatarisha maisha yao, kwani askari wanaouawa hawarudi, na aliyewalea kwa siku 60 mpaka wakawa mahiri huona jasho lake likipotea kwa uamuzi wa sekunde tano. Baadhi ya simu ni za uongo, na hakuna njia ya kulijua hilo kabla ya gari kufika. Asubuhi nyingine askari huja na maombi, mmoja akitaka ruhusa kwa sababu inayoeleweka, mwingine kwa kisingizio ambacho hata yeye hakiamini, na mkuu hupaswa kukumbuka kwamba anayenyimwa mapumziko leo ndiye atakayekuwa amechoka keshokutwa.

Wataalamu wa hisabati wanaifahamu hali hii kupitia nadharia ya foleni, taaluma inayochunguza uhusiano kati ya kasi ya wateja wanaowasili, idadi ya wahudumu na muda wa kusubiri. Fundisho lake kuu, ambalo watu wengi hulipuuza, ni kwamba kadiri wahudumu wanavyokaribia kutumiwa muda wao wote, msongamano hauongezeki polepole kwa kiwango kilekile, bali hupanda ghafla. Kikosi ambacho kila askari wake ana kazi kila dakika kinaonekana hodari kwenye karatasi, ilhali tukio moja la ziada laweza kukiangusha. Katika muongo wa 1970 Taasisi ya Rand ya Jiji la New York ilitumia hesabu za aina hii kubuni mfumo wa kugawa magari ya doria kwa saa na kwa maeneo. Mchezaji wa Freeburg hujifunza jambo lilelile bila kanuni yoyote ya hisabati, kwa sababu baada ya siku kumi hivi huanza mwenyewe kuwaacha watu wawili au watatu bila kazi, wakisubiri balaa ambalo hajui litatokea wapi.

Ikiwa uhaba huo ndio msingi, rushwa hupandwa juu yake hatua kwa hatua. Ofisi ya meya, ambayo ndiyo inayoamua idadi ya askari na kiasi cha mishahara, huleta maagizo yake: mara watu wachache wapelekwe kulinda shughuli ya kifahari, mara maandamano yatawanywe, mara mtu fulani aachwe. Anayetii anaweza kuomba nyongeza ya askari, naye anayekaidi hupunguziwa nafasi za kazi. Upande wa pili kuna kundi la mafia, linaloingia maishani mwa Boyd kupitia matatizo ya rafiki yake Francis Kendrick, ambalo haliombi makubwa kwa kuanzia. Linaomba simu fulani isijibiwe. Kwa mkuu aliyezidiwa, ombi hilo lina mvuto wa ajabu, kwani kutojibu simu kunampa fedha na papo hapo kunamwachia askari wawili wa kutuma kwingine, hivi kwamba kufumba macho kunaonekana kama busara ya kiutawala kabla hakujaonekana kama dhambi.

Mtafiti wa Marekani Ian Bogost, katika kitabu chake Persuasive Games cha mwaka 2007, alipendekeza dhana inayosaidia kueleza jambo hili, ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa balagha ya utaratibu. Kwa kawaida balagha ni ufundi wa kushawishi kwa maneno. Bogost alionyesha kwamba programu ya kompyuta hushawishi kwa njia nyingine, yaani kwa kanuni zinazoamua tendo lipi linalipa, lipi linaadhibiwa na lipi haliwezekani kabisa. Mfano unaotajwa mara nyingi ni SimCity ya Will Wright, iliyotolewa mwaka 1989, ambamo uhalifu wa mtaa hushuka kituo cha polisi kinapojengwa karibu, na vijana wengi walikua wakiichukua dhana hiyo kama sheria ya maumbile, ingawa ilikuwa uamuzi wa mtunzi mmoja. Kwa kipimo hicho, hoja ya This Is the Police ni kwamba uozo wa idara hautokani kwanza na mioyo mibaya bali na mgawanyo wa watu wasiotosha, chini ya wakubwa wanaotumia uhaba huohuo kama kamba ya kumvutia mkuu wa polisi kila watakako.

Hoja hiyo inaonekana vyema zaidi ikilinganishwa na michezo ya polisi iliyoitangulia. Mwaka 1987 kampuni ya Sierra ya Marekani ilitoa Police Quest, iliyobuniwa na Jim Walls, askari mstaafu wa doria ya barabara kuu za California, na mchezo huo ulisifika kwa kumwadhibu mchezaji aliyesahau kulizunguka gari lake na kulikagua kabla ya kuliendesha. Kwa Walls, polisi mwema ni yule anayefuata taratibu. Mwaka 1993 toleo la nne, Open Season, lilibeba jina la Daryl Gates, aliyekuwa ameacha ukuu wa polisi wa Los Angeles mwaka mmoja tu kabla, baada ya ghasia zilizofuata hukumu ya askari waliompiga Rodney King, na humo pia mashaka juu ya idara yenyewe hayakupewa nafasi. Michezo yote miwili ilitungwa kwa jicho la askari aliye mtaani au mpelelezi aliye kazini. Watunzi wa Minsk, ambao Marekani waliyoichora ni ile ya filamu na riwaya za uhalifu, hawakuwa na uzoefu wa kituoni wa kuutetea, na pengine ndiyo sababu walithubutu kumweka mchezaji mahali ambapo taratibu hugeuka kuwa hesabu za kisiasa.

Mahali ambapo kanuni zao ni dhaifu ni katika kueleza uhalifu unatoka wapi. Freeburg haina wananchi, ina simu tu; matukio huchomoza juu ya ramani bila chanzo, na kazi ya polisi ni kuyafikia. Mtaa uliohudumiwa vizuri kwa miezi mitatu hautofautiani na uliotelekezwa, wala hakuna mtu anayeacha kupiga simu kwa kuwa amekata tamaa na polisi, jambo ambalo katika miji halisi ni la kawaida. Kwa upande mmoja, huenda mchezo umekuwa mkweli kuliko ulivyokusudia. Jaribio mashuhuri lililofanywa Kansas City, Missouri, kuanzia Oktoba 1972 hadi Septemba 1973, liliyagawa maeneo 15 ya doria katika makundi matatu, moja likaondolewa doria ya kawaida na kubaki na mwitikio wa simu pekee, la pili likaachwa lilivyokuwa, la tatu likaongezewa magari mara mbili hadi tatu, na watafiti hawakukuta tofauti ya maana katika uhalifu wala katika hofu ya wakazi. Lakini jaribio lilihusu magari yanayozunguka, halikusema kwamba uhusiano kati ya askari na wakazi hauna uzito, na uhusiano huo ndio ambao ramani nyeupe ya Freeburg imeufuta.

Upelelezi nao umerahisishwa, ingawa kwa ustadi. Wapelelezi wanaopangiwa kesi huleta picha moja moja za tukio, na mchezaji husoma maelezo ya mashahidi, kisha huzipanga picha hizo kwa mfuatano mpaka kisa kieleweke, akizitupa zile zisizohusika. Zoezi hili linaonyesha vizuri kwamba ushahidi ni masimulizi yanayojengwa, na kwamba masimulizi yanayovutia yanaweza kuwa ya uongo.

Tatizo zito zaidi limo katika agizo moja la meya linalotajwa kila mara mchezo huu unapojadiliwa, linalomtaka Boyd awafukuze kazi askari wote weusi. Kwa hadithi, hili ni tukio la aibu. Kwa kanuni, ni gharama na faida kama agizo lingine lolote: askari kadhaa wanatoka, hisani ya ofisi ya meya inapatikana, na baada ya wiki mbili simu zinaendelea kuingia kana kwamba hakuna lililotokea. Mtetezi wa mchezo anaweza kusema kwamba ubaridi huo ndio hoja yenyewe, kwa maana urasimu huligeuza kila jambo kuwa tarakimu, na utetezi huo una nguvu kiasi. Lakini mfumo unaoukumbuka uchovu wa askari mmoja kwa siku kadhaa ungeweza pia kuwakumbuka wenzao wa waliofukuzwa na wakazi walioshuhudia, na watunzi waliamua usikumbuke.

Wahakiki wengi walilalamika pia kwamba siku 180 ni nyingi mno, kwa kuwa baada ya nusu ya safari simu hufanana na mchezaji hutenda kwa mazoea. Malalamiko ni ya haki kwa upande wa burudani, ingawa ni vigumu kufikiri njia nyingine ya kumfikisha mtu mahali ambapo anasoma taarifa ya kifo akitazama kwanza ni nani aliye huru kwenda. Toleo la pili, lililotoka mwaka 2018, lilihamia Sharpwood, mji mdogo wenye baridi unaoongozwa na sherifu kijana, Lilly Reed, ambaye wasaidizi wake wanaume hawamheshimu, na likaongeza mapambano ya kimbinu yanayochezwa kwa zamu, kila upande ukisogeza watu wake kwa mpangilio kama katika sataranji. Uhaba ulibaki, safari hii ukiwa pia uhaba wa utiifu, kwani askari anaweza kuwapo na asikubali kutumwa. Mwaka 2019 studio hiyo ilitoa Rebel Cops, ambamo askari walioasi wanapambana na jambazi Viktor Zuev aliyeuteka mji wao, na mapambano ya kimbinu ndiyo yaliyofanywa kiini cha mchezo. Orodha ya zamu, maagizo ya meya na simu zisizotosha askari viliondolewa, na kilichobaki ni mchezo mgumu wa kuvizia na kufyatuliana risasi, ambao kuhusu polisi kama taasisi hauna la kusema.