Jakuzi Lupepo: kabla hujamwita fundi, tupige hesabu

Jioni ya mwezi wa sita Lupepo unaijua: ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na maji ya bomba yanauma vidole. Ukiwaza kujenga jakuzi nyuma ya nyumba, sikucheki. Chemchemi za moto za Kiejo-Mbaka hazitaletwa kwako kwa bomba, kwa hiyo utatumia umeme. Hapo ndipo pa kutulia.

Chukua beseni la lita 1,000. Maji peke yake ni tani moja, yaani huliweki juu ya kibaraza cha mbao. Kuyatoa nyuzi 18 hadi 38 kunahitaji uniti kama 23, na hita ya kilowati 3 itafanya kazi karibu saa nane. Ndani ya saa hizo zote, umeme wa volti 230 uko jirani na maji.

Fundi atakuambia, "Nimeweka erthi, usiwe na hofu." Muulize swali moja: ukinzani wake ni omu ngapi? Tuseme nondo yako ya erthi ina omu 20. Waya ukigusa bodi ya hita, gawanya 230 kwa 20: umeme unaokwenda ardhini haufiki hata ampea 12. Breka ya ampea 20 inaona ni matumizi ya kawaida tu, haikati. Bodi inabaki na umeme na wewe umelowa, huku miliampea 30 tu zikipita kifuani zinaweza kukuua. Udongo wetu wenye mvua nyingi husaidia kupunguza ukinzani, ndiyo, ila hauondoi hesabu hii.

Kinachokuokoa ni kifaa ambacho mafundi wanakiita RCD. Chenyewe hakisubiri umeme uwe mwingi. Kinalinganisha unaokwenda na unaorudi. Ukipungua miliampea 30 njiani, kinakata kabla sekunde haijaisha. Kina kitufe cha kujaribia, kibonyeze mara kwa mara. Kisipokata, usiingie majini. Kwa maoni yangu, kama hela inatosha kitu kimoja tu kati ya marumaru nzuri na RCD, hilo si swali.

Vibali sasa. Fundi wa umeme awe na leseni ya EWURA, na akuonyeshe, maana "nimefanya kazi hii miaka kumi" si leseni. Kabla ya kumwaga zege, pita kwa mhandisi wa halmashauri uulize kibali cha ujenzi. Ukitaka kuchimba kisima kirefu cha kulilisha beseni, unaingia kwenye Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Bahati nzuri Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ofisi yake iko hapohapo Tukuyu.

Maji yasizidi nyuzi 40. Mjamzito aongee na daktari kwanza. Weka kifuniko chenye kufuli, kwa sababu mtoto wa jirani haombi ruhusa kuja kuchungulia, na kuzama hakuna kelele.

Na wewe unayesema basi nitaachana na umeme, nitaingiza jiko la mkaa bafuni nifunge dirisha: usithubutu. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na inashika damu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Chemsha maji nje, uyaingize kwa ndoo.