Ekari za Nchiru na Mlango wa Kiwanda (Sehemu ya 4)

Wasomaji kadhaa wamenilaumu kwamba sehemu tatu zimepita nikizungukazunguka gaaru, ile nyumba ya vijana wa Kimeru, na shuleni sijafika. Leo nafika, ila napitia Nchiru, na mimi nikiingia Nchiru huwa sitoki upesi.

Kilichonisukuma ni Gredi ya 10. Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia sekondari pevu, na kutoka Maua hadi Runyenjes wazazi wanaulizana ni mkondo upi ulio na kazi: wa sayansi na teknolojia, wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo? Jirani yangu alinijia jioni moja na karatasi ya masomo ya bintiye. "Mwalimu, hii ya kwanza si ndiyo ya udaktari?" Nikamwambia karatasi haimwajiri mtu. Chai yake aliiacha nusu kikombe.

Twende Nchiru. Ukitoka Meru mjini kuelekea Maua utapita makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee, na papo hapo jirani kuna chuo kikuu. Ujirani huo una sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi ilishikwa na homa ya vyuo vya teknolojia vya harambee. Shule za harambee zilikuwa zimezagaa tangu uhuru, zikitoa vijana wenye vyeti na wasio na kazi. Tayari mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilikuwa limechapisha ripoti iliyouliza kijana akimaliza shule aende wapi, na ndimo lilimozaliwa wazo la politekniki za vijijini, zenye kamati ya wenyeji na ufundi unaohitajika pale pale: useremala, uashi, ushonaji. Kisha kila eneo likataka chuo chake kikubwa zaidi. Nyeri wakachangia Kimathi, Murang'a wakachangia chao, Magharibi wakaja na WECO, na Nyanza wakawa na Ramogi. Meru, wazee wa Njuri Ncheke walitoa ardhi ya Nchiru, ekari 641. Sitachoka kuitaja hesabu hiyo. Mtu mwenye ekari mbili za kahawa na watoto wanane ndiye ajuaye uzito wake.

Wala kuchanga hakukuanza na neno harambee. Chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichofunguliwa 1939 chini ya Mbiyu Koinange, kilijengwa kwa michango iliyopitia marika, rika likishindana na rika, kila moja likiona haya kupitwa na lililolifuata. Shule huru zilienea hadi Embu kwa moyo uo huo. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952 serikali ya kikoloni ikakifunga chuo kile na shule huru kwa wingi. Nasikitika kuona kitabu cha shule kikilimaliza jambo hili kwa sentensi moja, ilhali mtoto anaweza kukutajia wafalme wa Uingereza bila kusita.

Narudi Nchiru. Chuo cha Teknolojia cha Meru kilifungua milango 1983. Mwaka 2008 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Jomo Kenyatta cha Juja, na 2013 kikapewa hati ya kusimama chenyewe. Kimathi ni chuo kikuu, WECO sasa ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Murang'a vilevile ni chuo kikuu. Hata Embu, palipokuwa na mafunzo ya kilimo tangu 1947, leo pana Chuo Kikuu cha Embu. Fahari ninayo, nami nimehudhuria mahafali zaidi ya moja nikapiga makofi. Lakini tulichangia fundi tukapata shahada, na fundi tukamsahau. Shukuru Mungu tunayo politekniki ya kitaifa pale Meru, ingawa kuna mzazi anayempeleka mtoto huko kwa kunong'ona.

Na kuna jambo lingine ambalo sisi wazee hatupendi kuambiwa. Tulitoa ardhi, mbuzi na hela, tukapigiwa vigelegele, tukaenda zetu. Mahali petu pa kazi hatukupatoa. Anayetoa elfu tano kanisani kwa ajili ya maabara ndiye anayemfukuza kijana gereji kwake kwa kuwa atapoteza spana.

Mtaala mpya unadai kinyume chake. Katika masomo ya lazima limo la huduma kwa jamii, na mwanafunzi anatakiwa atoke, aangalie, afanye. Atoke aende wapi?

Msimu uliopita nilichukua wanafunzi sita hadi kiwanda cha kahawa cha ushirika wetu. Mwendesha mashine, mzee wa makamo yangu, alituonyesha mashine ya kumenya, kisha tangi ambamo punje zilikuwa zimelala usiku kucha zikichacha. Msichana mmoja akauliza unajuaje kama ziko tayari. Mzee hakujibu. Alimwambia, "Lete mkono, mjukuu wangu," akauzamisha ndani hadi kwenye kiwiko. "Sugua. Zinateleza?" "Zinateleza kidogo." Wakahamia tangi la pili. Safari hii punje zilikwaruzana kama changarawe ya mtoni. "Hizo ni za kuosha sasa hivi. Ukingoja hadi jioni, zinanuka, na bei imekwenda." Mimi nilifundisha Biolojia miaka ishirini na sita. Uchachushaji niliuchora ubaoni kila mwaka, vimeng'enya na mishale, na mkono wangu haukuwahi kuingia tangini.

Mavuno makubwa ya kahawa huku kwetu huangukia Oktoba hadi Desemba, na Novemba na Desemba watoto wako likizo. Viwanda vya majani chai viko Imenti, viko Rukuriri. Hospitali za misheni Chogoria na Nkubu zinahitaji mafundi wa umeme na watunza kumbukumbu, si madaktari pekee. Shule inayotafuta mshirika haina haja ya kupanda basi la Nairobi.

Nilimwomba meneja wa kiwanda kile cha kahawa awapokee wanafunzi msimu ujao. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza mtoto akikatwa kidole na mashine nani atalipa. Swali la haki. Nikajibu kwamba shule, ushirika na kaunti wakae waandikiane bima kabla ya msimu. Akasema yeye peke yake hawezi, niwaambie wanachama wa ushirika. Basi nikaandika barua kuomba dakika thelathini kwenye mkutano mkuu. Nimepewa tano, chini ya "mengineyo".