Wasiwasi wa safari usikufanye usahau dawa

Kila Desemba, wakazi wengi wa Nairobi hujiandaa kwenda mashambani kuona jamaa zao. Majuma hayo hayo madaktari hupokea watu wanaolalamika kwamba moyo unawaenda mbio, tumbo linawaendesha na usingizi umewapotea. Wengine hudhani ni malaria au homa ya matumbo, kumbe kinachowasumbua ni safari.

Wasiwasi wa safari si ugonjwa. Mtu akiwa na hofu, mwili hutoa homoni iitwayo adrenalini, ambayo huongeza mapigo ya moyo. Hofu hiyo pia huharakisha mwendo wa utumbo, ndiyo sababu abiria huenda chooni mara tatu kabla ya kufika steji. Kwa wengi hali hii hutulia gari likishaondoka. Lakini ukiharisha damu, ukiwa na joto jingi mwilini au maumivu ya kifua, usisingizie safari. Mwone daktari.

Ubaya wa wasiwasi ni kwamba humsahaulisha mtu. Anayefunga mizigo usiku wa manane hukumbuka sukari, mkate na nguo za watoto, lakini dawa zake za shinikizo la damu hubaki kabatini. Baadhi ya dawa hizo, kama vile atenolol, ni hatari kuziacha ghafla, hasa kwa mwenye ugonjwa wa moyo.

Anza kufunga siku tatu mapema, ukifuata orodha uliyoiandika. Hesabu vidonge vya siku zote utakazokuwa huko, kisha uongeze vya juma moja, kwani nafasi kwenye magari huwa adimu wakati wa kurudi. Viweke katika mkoba utakaoupakata, wala si katika mzigo unaotiwa kwenye buti. Insulini nayo huharibiwa na joto kali. Mahali pasipo na friji, chungu cha udongo kinacholoweshwa maji huihifadhi vyema.

Anayekwenda eneo la Ziwa Victoria au Pwani afunge chandarua chenye dawa kabla ya kitu kingine chochote. Mtoto aliyelelewa Nairobi hana kinga ya malaria kama binamu yake wa kule. Kuhusu vidonge vya kuzuia malaria, mwulize daktari mapema, kwa sababu vingine huanza kumezwa majuma mawili au zaidi kabla ya kuondoka.

Usiku wa kuamkia safari, lala mapema, na usichanganye pombe na dawa za usingizi. Anayetapika garini ameze kidonge cha kuzuia kichefuchefu yapata saa moja kabla ya kupanda. Wengi hujinyima maji ili wasitafute choo njiani. Hilo ni kosa. Kunywa kidogo kidogo, na basi likisimama, shuka utembee. Kuketi kwa zaidi ya saa nne mfululizo huongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

Mwisho, ukipata homa baada ya kurudi, hata kama majuma matatu yamepita, mweleze daktari ulikokuwa ili upimwe malaria siku hiyo hiyo. Asipojua ulisafiri, huenda asiifikirie, na kwa mtoto mdogo au mama mjamzito kuchelewa kwa siku moja kunaweza kuleta kifo.