Waliohesabiwa na Waliofichika katika Vijiji vya Nawanshahr

Wilaya ya Shahid Bhagat Singh Nagar, ambayo wengi bado wanaiita kwa jina lake la zamani la Nawanshahr, ni wilaya ndogo. Iko jimboni Punjab, kaskazini mwa India, katika ukanda wa Doaba uliokaa kati ya mito ya Beas na Sutlej. Sensa ya 2011 iliwakuta humo watu wapatao 612,000, wanane katika kila kumi wakiishi vijijini. Zaidi ya asilimia 42 ya wakazi hao ni wa matabaka ambayo sheria ya India inayaita Matabaka Yaliyoorodheshwa, yaani Wadalit, watu ambao kwa karne nyingi jirani zao waliwahesabu kuwa najisi, wakawanyima kisima, hekalu na shamba. Kwa India nzima sehemu yao ni asilimia 16.6. Kwa Punjab ni karibu asilimia 32, na hakuna jimbo jingine linaloifikia.

Takwimu za sensa ya India zinateremka hadi kijijini. Kila kijiji kina mstari wake katika jedwali: idadi ya kaya, watu, wanaume, wanawake, watoto ambao hawajatimiza miaka saba, watu wa Matabaka Yaliyoorodheshwa, watu wa Makabila Yaliyoorodheshwa, wanaojua kusoma, wakulima, vibarua wa mashambani, na kadhalika. Wanaoandika habari za vijiji hivyo huunakili mstari huo kama ulivyo, wakaona kazi imekwisha. Mimi naupenda sana mstari huo na nimejifunza mengi kutokana nao, lakini ni lazima niseme wazi: umepangwa kwa namna inayomwanika mnyonge hadharani na kumsitiri mwenye nguvu. Msomaji asiyelijua hilo anaondoka na nusu ya habari.

Tutazame jinsi safu ya tabaka inavyojazwa. Kati ya tarehe 9 na 28 Februari 2011, karani wa sensa, ambaye kwa kawaida ni mwalimu wa shule aliyeazimwa kwa kazi hiyo, alipiga hodi nyumba kwa nyumba. Kwa kila mtu aliuliza kama ni wa Tabaka Lililoorodheshwa au wa Kabila Lililoorodheshwa. Aliyejibu ndiyo alitakiwa ataje jina la tabaka lake, na jina hilo likaangaliwa kama limo katika orodha ya serikali ya jimbo hilo. Orodha ya Punjab ina majina 39. Hakuna aliyedaiwa cheti. Neno la mwenye nyumba lilitosha. Aliyejibu hapana aliachwa na tabaka lake. Kwa hiyo hutaiona safu ya Majat, ambao ndio wenye sehemu kubwa ya mashamba ya Punjab. Wabrahmin hawana safu, wala Wakhatri wafanyabiashara. Hata Waramgarhia hawana, wale mafundi seremala na wahunzi ambao Afrika Mashariki inawajua vizuri, kwa kuwa ndio waliokuwa wengi kati ya Makalasinga, au Masingasinga, waliokuja kujenga reli kutoka Mombasa kuanzia 1896. Wote hao wamezama katika salio, idadi unayoipata kwa kutoa tu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Waingereza walihesabu matabaka yote, na katika sensa ya 1901 kamishna wao, Herbert Risley, alifika mbali hadi kuyapanga kwa ngazi za heshima, jambo lililozua malalamiko kutoka kila upande wa nchi. Sensa ya mwisho kuchapisha hesabu ya matabaka yote ilikuwa ya 1931. Ile ya 1941 iliangukia vitani na majedwali ya tabaka hayakutolewa. India ilipopata uhuru, viongozi waliona kuwa kuendelea kuhesabu matabaka ni kuyapa chakula, wakaacha. Walibakiza Matabaka na Makabila Yaliyoorodheshwa peke yake, kwa sababu katiba iliwatengea watu hao viti vya uwakilishi na nafasi za kazi, na viti haviwezi kugawanywa bila idadi. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba Tume ya Mandal, iliyotoa ripoti yake 1980 juu ya matabaka mengine yaliyoachwa nyuma, ilipotaka kujua ni wangapi ililazimika kurudi kwenye hesabu za 1931, zilizokuwa na umri wa nusu karne.

Na mwaka huo wa 1931 una historia ya pekee katika Doaba. Mangu Ram, mtu wa kijiji cha Mugowal wilayani Hoshiarpur, aliyekuwa amefanya kazi California na kujiunga huko na wanaharakati wa Ghadar, waliopinga utawala wa Waingereza, alirudi nyumbani na kuongoza vuguvugu la Ad Dharm miongoni mwa Wadalit. Sensa ilipokaribia, vuguvugu hilo liliwahimiza watu wasikubali kuandikwa Wahindu wala Masingasinga, bali waandikwe Ad Dharmi, watu wa dini yao wenyewe. Ilihitaji ujasiri. Mtu asiye na shamba, anayeishi kwenye kiwanja kisicho chake na kula kwa kazi ya mwenye ardhi, alimtazama karani usoni, mbele ya mwenye ardhi huyo, akakataa kuandikwa alivyozoea kuandikwa. Zaidi ya watu 418,000 waliandikwa hivyo. Leo Ad Dharmi ni moja ya majina 39 ya orodha ya Punjab, na waliojitaja kwa jina hilo katika sensa ya 2011 walikuwa karibu milioni moja, wengi wao katika wilaya hizi za Doaba.

Orodha yenyewe ina mipaka yake, na mipaka hiyo ni ya kidini. Amri ya 1950 iliyoitangaza iliwahusu Wahindu, pamoja na matabaka machache tu ya Masingasinga. Masingasinga wote wa matabaka hayo waliingizwa 1956, na Wabudha 1990. Mkristo na Mwislamu bado wako nje. Punjab ina Wakristo wengi ambao babu zao walikuwa Wadalit. Wanaishi katika mitaa ileile na kufanya vibarua vilevile, ila karani akiwafikia wanahesabiwa katika salio, fungu moja na mwenye trekta. Vivyo hivyo, safu ya Makabila Yaliyoorodheshwa katika kila kijiji cha Punjab ni sifuri tupu. Sababu ni kwamba jimbo hilo halina kabila lolote lililoorodheshwa kisheria. Jamii kama Bazigar na Bauria, ambazo zamani ziliishi kwa kuhamahama, zimewekwa katika orodha ya matabaka.

Tena, majina hayo 39 hayalingani hali. Mwaka 1975 serikali ya Punjab iliona kuwa nafasi za kazi zilizotengwa zinachukuliwa zaidi na waliotangulia kusoma, ikaamua nusu yake itolewe kwanza kwa Wabalmiki na Masingasinga Wamazhabi, matabaka mawili ya orodha hiyo. Mzozo wa mahakamani uliofuata ulidumu miaka mingi, hadi tarehe 1 Agosti 2024 Mahakama ya Juu ya India ilipoamua, kwa majaji sita dhidi ya mmoja, kwamba majimbo yanaruhusiwa kuligawa fungu hilo. Katika mstari wa kijiji, hata hivyo, wote ni namba moja.

Kisha kuna kijiji chenyewe. Kinachohesabiwa na sensa ni kijiji cha daftari la ardhi, chenye mipaka iliyopimwa na namba yake, ambayo Punjab huiita hadbast. Ndani ya mipaka hiyo mna makazi yaliyotengana. Mtaa wa Wadalit mara nyingi uko pembeni, upande yanakoelekea maji machafu, na vijiji vingi vina gurdwara, nyumba za ibada za Masingasinga, mbili au tatu, na hata mahali tofauti pa kuchomea maiti. Ukisoma kwamba kijiji fulani kina watu 1,000 na 450 kati yao ni wa Matabaka Yaliyoorodheshwa, usidhani wamechanganyika. Pengine ni vijiji viwili vinavyotumia jina moja.

Hesabu ya wanawake na wanaume nayo inataka jicho la makini, na wilaya hii inafundisha kuliko nyingi. Mwaka 2011 Nawanshahr ilikuwa na wanawake 954 kwa kila wanaume 1,000, wakati Punjab nzima ilikuwa na 895. Ukiishia hapo utaipongeza wilaya. Lakini Doaba ndiyo inayosafirisha watu ng'ambo kuliko sehemu zote za Punjab: Uingereza, Kanada, Italia, nchi za Ghuba. Wanaotangulia kuondoka kwa kawaida ni wanaume, na sensa huhesabu waliopo. Kwa hiyo watazame watoto, ambao hawajaanza kusafiri. Kwa walio chini ya miaka saba, uwiano wa wilaya mwaka 2001 ulikuwa wasichana 808 tu kwa wavulana 1,000. Hiyo ni kazi ya mashine za kupimia mimba na wazazi wanaotaka mtoto wa kiume, ingawa sheria ya 1994 imekataza kumtambua mtoto jinsia yake kabla hajazaliwa. Katika muongo uliofuata uongozi wa wilaya uliwafuatilia wajawazito na vituo vya kupimia, na kufikia 2011 uwiano ulikuwa umepanda hadi karibu 885. Bado ni pungufu kubwa, lakini ni wasichana waliozaliwa na kuishi. Namba ya watu wazima peke yake isingekuonyesha aibu ya mwanzo wala jitihada ya baadaye.

Ila uwiano huo usiutumie kwa kijiji kimoja kidogo. Kijiji chenye wavulana 50 na wasichana 40 kina uwiano wa 800. Watoto watano tu wakibadilika kutoka upande mmoja kwenda mwingine, uwiano unakuwa 1,000. Hapo hakuna la kusifia wala la kulaumu mpaka ujumlishe vijiji vingi au miaka mingi. Kuhusu kusoma na kuandika, kumbuka tu kwamba asilimia rasmi haiwahusu watoto chini ya miaka saba. Ukigawanya wanaojua kusoma kwa wakazi wote utawapunja wanakijiji.

Namba hizi zina uzito wa moja kwa moja. Tangu marekebisho ya katiba ya 1992, viti vya halmashauri ya kijiji, panchayat, hutengwa kwa Matabaka Yaliyoorodheshwa kulingana na sehemu yao katika idadi ya watu, na nafasi ya sarpanch, mkuu wa kijiji, huzungushwa kwa utaratibu huohuo. Katika bunge la Punjab viti 34 kati ya 117 ni vyao. Huko ndiko safu moja ya jedwali inakogeuka kuwa mwanamke Mdalit aliyekaa kwenye kiti cha sarpanch, mbele ya wanaume ambao baba zao wasingemruhusu mama yake kuketi.

Lakini kiti si shamba. Mwaka 1900 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuhamisha ardhi Punjab, iliyoruhusu ardhi ya matabaka yaliyotajwa kuwa ya wakulima iuzwe kwa wenzao tu. Wadalit hawakuwa katika orodha hiyo. Hata aliyerudi na fedha kutoka ng'ambo au aliyetajirika kwa biashara ya ngozi mjini Jalandhar hakuweza kununua ekari kwao. Sheria hiyo ilidumu kwa nusu karne, na athari yake bado iko ardhini: katika Punjab Wadalit ni karibu theluthi ya watu, na hawafikii asilimia 5 ya ardhi ya kilimo. Sheria ya 1961 juu ya ardhi ya pamoja ya vijiji, na kanuni zake, iliwatengea theluthi ya ardhi hiyo waikodi kwa mnada. Mara nyingi mwenye mashamba humtanguliza kibarua wake mnadani, jina likaandikwa la Mdalit na mpunga ukavunwa na bwana. Tangu 2014 Wadalit wa Sangrur na wilaya jirani wamejipanga kuidai theluthi hiyo, wakilima kwa ushirika, na wengine wamepigwa na kufungwa kwa ajili yake.

Haya yote hayamo katika mstari wa sensa. Safu ya wakulima humchanganya mwenye ekari 50 anayesimamia shamba lake na mtu aliyekodi kanal mbili, yaani robo ya ekari. Aliyekodisha ardhi yake yote na kuhamia Kanada hahesabiwi kabisa, ingawa ardhi ni yake.

Tarehe 30 Aprili 2025 serikali ya India ilitangaza kuwa sensa ijayo, ambayo kwa sehemu kubwa ya nchi itachukua tarehe 1 Machi 2027 kuwa siku yake ya hesabu, itahesabu matabaka yote. Nafurahi. Safari hii Mjat na Mbrahmin nao wataulizwa wao ni nani, na salio litapata majina. Itakapochapishwa, kwa kuwa umiliki wa ardhi bado hautakuwamo, anayetaka kukijua kijiji cha Doaba aichukue namba yake ya hadbast na kulitafuta daftari liitwalo jamabandi, linaloandaliwa na patwari, karani wa ardhi, na kuandikwa upya kila baada ya miaka mitano. Humo kila kipande cha shamba kina jina la mwenyewe, na tabaka lake limeandikwa hapohapo.