Baiskeli Inayopeleka Chanjo

Watoto wangu, sogeeni karibu. Hapa Kirumba mnaijua baiskeli kwa kazi zake. Mmeiona ikibeba maharagwe kwenye Barabara ya Taifa Namba 2, ikisukumwa kupanda mlima, ikipishana na chukudu iliyojaa makala. Leo nitawaeleza kazi yake nyingine, ambayo mzigo wake hauonekani kwa macho.

Huko Marekani, katika jimbo la Arizona, kuna mji uitwao Tucson. Tangu mwaka 1983 watu hukusanyika huko kwa mwendo mkubwa wa baiskeli, El Tour de Tucson. Njia yake ndefu kabisa inapita kilomita 160. Pigeni hesabu: ni kama kutoka Butembo hadi Beni, kurudi Butembo, kisha kwenda Beni tena, yote kwa siku moja! Miongoni mwa waendeshaji wamo wanachama wa Rotary, chama kilichoanzishwa Chicago mwaka 1905. John Hewko, aliyekuwa katibu mkuu wake, naye alipanda baiskeli pamoja nao. Wanaendesha ili polio iishe duniani.

Mtoto mwenye akili atauliza: kukanyaga pedali kunamsaidiaje mtoto aliye mbali?

Sikilizeni. Kabla ya siku ya mwendo, mwendeshaji huwaendea ndugu, majirani na wenzake wa kazini. Huwaambia, "Nitaendesha kilomita 160 kwa ajili ya watoto. Wewe utachangia nini?" Huyu anaahidi dola 10, yule 50. Ahadi ni deni, na hapa deni ni la pande mbili: mmoja lazima aendeshe, mwingine lazima atoe. Mtu akimwona mwenzake anatokwa jasho kwa ajili ya mtoto asiye wake, naye huona haya kufumba mkono. Zaidi ya hapo, shirika la misaada la Gates limekubaliana na Rotary kuongeza dola 2 juu ya kila dola 1 ya polio, hadi kiasi walichopatana. Kwa hiyo dola 10 za jirani zinaweza kuwa 30.

Fedha hizo hununua chanjo, husafirisha wachanjaji, na hulipia makasha ya barafu, kwa maana chanjo ikipata joto huharibika.

Polio ni ugonjwa unaoletwa na kirusi kinachoenea kwa maji na mikono yenye uchafu wa choo. Hushambulia mishipa ya fahamu, hasa kwa watoto walio chini ya miaka 5, na mguu uliopooza hauna dawa ya kuuamsha. Wengi wa wale wanaovuka mpaka wa Goma na bidhaa zao, wakiendesha kwa mikono baiskeli za magurudumu matatu, walipatwa na polio utotoni.

Mwaka 1988 polio ilipooza watoto wapatao 350,000 duniani. Tangu hapo polio ya asili imepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Kongo yetu ilimwona mgonjwa wake wa mwisho wa polio hiyo mwaka 2011, na tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa imeishinda. Lakini kuna aina nyingine ya kirusi cha polio, inayozuka mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, na hiyo ingali inawapooza watoto wa Kongo. Vita vinapowakimbiza watu, wachanjaji hushindwa kuwafikia watoto.

Siku barabara itakapotulia, nanyi mnaweza kufanya mwendo wenu, hata wa kutoka Kirumba hadi Kayna tu. Chagueni kwanza mtoto au kituo cha afya cha kusaidia. Mpeni mtu mwaminifu kazi ya kutunza fedha, andikeni kila jina na kila franka, kisha someni hesabu mbele ya wote.

Na mchanjaji akibisha mlangoni kwenu, msimfiche mdogo wenu. Mtoeni nje apate matone yake mawili mdomoni.