Yaliyo Batini Katika Taya

Dereva wa lori aliyekuwa akingoja zamu yake ya kuvuka kwenda Nakonde alikunjua kipande cha karatasi mbele yangu, hapa Tunduma, akanionyesha gego alilong'olewa safarini siku nne zilizopita: jino kubwa, lenye mizizi mitatu kama ilivyo ada ya magego ya juu, jeupe, lisilo tundu wala doa. Aling'olewa mahali pasipo mashine ya eksirei, kwa kuwa yeye mwenyewe aliligusa kwa kidole na kuapa kuwa hilo ndilo limuumizalo; ganzi ilipokwisha maumivu yakarejea yale yale, na sasa shavu lake la kuume lilikuwa limevimba upande wa chini, hata kumeza mate kukawa taklifu.

Sikuweza kumlaumu, maana maumivu ya jino ni shahidi asemaye kweli kuhusu kuwapo kwa adha, lakini aghalabu hukosea kutaja mahali ilipo. Neva za meno ya juu na za meno ya chini ni matawi ya shina moja, na ubongo, upokeapo kilio cha gego la chini, huweza kudhani kimetoka juu au sikioni. Dhahiri ya jino ni ile sehemu ndogo ionekanayo juu ya ufizi; batini yake, yaani mizizi, kiini chenye mishipa na mfupa uyashikao yote, haifikiwi na jicho la tabibu wala na kile kioo chake kidogo.

Pazia hilo lilifunuliwa tarehe 8 Novemba 1895, pale Wilhelm Conrad Röntgen, mwalimu wa fizikia katika mji wa Würzburg, Ujerumani, alipogundua mionzi ipenyayo mwili, naye akakataa kuihodhi kwa hataza ili watu wote wanufaike. Mwezi wa Januari 1896 tabibu wa meno Otto Walkhoff akatia kipande cha kioo cha picha kinywani mwake mwenyewe, akatulia dakika 25 akingoja kivuli cha magego yake. Leo kazi hiyo haifiki sekunde moja.

Ndani ya mashine chembe za umeme hukimbizwa kwa kasi kubwa zikagonga kipande cha tangisteni, na katika kugonga huko huzaliwa mionzi. Ipitapo katika shavu na ufizi huzuiliwa kidogo. Ikutanapo na gamba la jino, ambalo takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini, huzuiliwa sana. Na metali iliyozibia jino huizuia karibu yote. Kwa hiyo kigumu huonekana cheupe na kilicho wazi huonekana cheusi. Kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma na nikeli lililoko Ndolezi, lau lingewekwa mbele ya mashine hii lingetoa weupe mtupu, wala hakuna ambaye angejua kilichomo ndani yake. Jino, kwa bahati njema, hukubali kusomwa.

Filamu yenyewe ni ndogo, yapata sentimita 3 kwa 4, na siku hizi mahali pengi imepishwa na kipokezi kilichounganishwa na kompyuta. Pembe zake huchoma sakafu ya kinywa, na wapo washikwao na kichefuchefu, nao huambiwa wavute pumzi kwa pua. Iko picha inayochukuliwa mgonjwa akiwa ameuma, ionyeshayo uozo uliojificha baina ya jino na jino. Iko ile imwonyeshayo tabibu jino zima hadi ncha ya mzizi, ambapo jipu hujitangaza kwa duara la weusi. Na iko mashine izungukayo kichwa, itoayo taya zote mbili katika picha moja. Walakini ufa mwembamba na uozo mchanga huweza kuponyoka zote, ndiyo maana tabibu mwema hugonga, hutazama na kuuliza kabla ya kupiga picha.

Lipo jambo liniumizalo moyo kuliko hilo la dereva. Katika mikoa mingi ya Tanzania, tangu miaka ya 1980, mtoto mchanga ashikwapo na homa na kuhara huweza kuambiwa ana meno ya plastiki, naye hupasuliwa ufizi kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli, kikatolewa kitu cheupe, laini, ambacho mama huonyeshwa kama sababu ya ugonjwa. Kitu hicho ni chipukizi la chonge lake. Kila mtoto wa binadamu analo ndani ya taya, na picha ya mionzi hulionyesha likiwa mahali pake stahiki. Baya zaidi, chonge la ukubwani huanza kujengeka jirani na hapo katika mwezi wa 4 au wa 5, na chuma hakichagui. Mtoto atimizapo miaka 12, huku pengo lake halizibiki, tabibu hupiga picha kutafuta iwapo jino limo, limelala kombo, limelemaa, au halipo kabisa. Ile homa, wakati huo, ilihitaji kipimo cha malaria, na kule kuhara kulihitaji maji ya chumvi na sukari.

Hofu ya mionzi ina asili yake: C. Edmund Kells wa New Orleans, mmoja wa waanzilishi, alipoteza vidole kisha mkono kwa kujianika kwayo miaka mingi. Lakini picha ndogo ya leo humpa mgonjwa mikrosiveti chache tu, takriban kiasi ambacho ardhi na anga humpa kila mtu kwa siku moja. Mjamzito na amweleze tabibu hali yake, wala asiache jipu likasambaa kwa kuogopa picha.

Dereva alikwenda Mbeya kupigwa picha, mwendo wa kilomita zipatazo 100, akarudi siku ya tatu. Gego la chini lilikuwa limeoza ubavuni, pale linapogusana na jirani yake, na kwenye ncha ya mzizi palikuwa na duara jeusi kadiri ya punje ya mtama. Hawakuling'oa, walilitoboa, wakalitia dawa, wakampangia tarehe ya kurudi. Alivuka mpaka usiku ule, na katika mfuko wa shati, mahali pa lile gego, alikuwa ametia filamu.