Afande, pima afya yako kabla ya kuchagua makao

UMERUDISHA sare na bunduki, umepigiwa saluti ya mwisho na kiinua mgongo kimeingia benki. Sasa limebaki swali moja: utaishi wapi?

Wengi waliozaliwa Roret na sehemu nyingine za Bureti, katika Kaunti ya Kericho, hujibu bila kusita. Mkataa kwao ni mtumwa, na shamba la majani chai la baba linangoja. Huenda huo ukawa uamuzi mwema. Lakini ikiwa umetumikia kwa miaka 20 au zaidi, ukihamishwa kutoka Gilgil hadi Mombasa, na pengine Somalia ambako majeshi ya Kenya yaliingia Oktoba 2011, mwili unaorudi nao nyumbani si ule ulioondoka nao. Uchunguze kwanza, kisha uutafutie makao.

Mwili wako unasemaje?

Kabla hujaondoka kambini, mwombe daktari akupime shinikizo la damu, sukari, macho na masikio. Omba pia nakala ya rekodi zako za matibabu. Daktari wa kijijini hatajua ulitibiwa nini ukiwa jeshini usipomwonyesha.

Milio ya bunduki na mizinga huharibu masikio, na uwezo wa kusikia uliopotea hivyo haurudi. Ukiona watu wa nyumbani wanakulaumu kwamba unapiga kelele, huenda kosa si tabia yako. Magoti na mgongo uliobeba mizigo mizito kwa miaka mingi nao hudai haki yao. Milima ya Bureti ni mizuri kwa macho, lakini kupanda kutoka mtoni hadi barabarani kila siku ni jambo jingine ukiwa na miaka 65.

Ikiwa kila unapopimwa shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, linafika 140 kwa 90 au kupita, unahitaji kuonwa na daktari mara kwa mara. Basi usijenge mahali ambapo kumfikia ni safari ya siku nzima.

Malaria katika nchi ya baridi

Watu wengi wa mjini hudhani kwamba kwenye majani chai hakuna malaria. Hilo si kweli. Katika miaka ya 1990 ugonjwa huo ulizuka mara kwa mara katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, Kericho ikiwemo. Watu wa huko hawaumwi na malaria mara nyingi kama watu wa Pwani au kando ya Ziwa Victoria, hivyo miili yao haina kinga ya kutosha. Mlipuko unapotokea, hata watu wazima hulazwa.

Wanajeshi wana historia yao katika jambo hili. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari waliorejea kutoka Tanganyika walihusishwa na mlipuko wa malaria huko Nandi. Kwa hivyo ukitoka sehemu yenye mbu wengi kisha upatwe na homa, usimeze dawa kwa kukisia. Nenda upimwe damu.

Mahali unapojenga pia ni muhimu. Utafiti katika nyanda hizo umeonyesha kwamba wanaoishi bondeni, karibu na vinamasi, huambukizwa zaidi kuliko wanaoishi juu ya kilima. Ukigawiwa shamba linaloteremka hadi mtoni, panda majani chai huko chini na nyumba uijenge juu. Hata hivyo, usiache kulala ndani ya chandarua.

Pima umbali kwa saa

Jirani na Roret kuna hospitali za Kapkatet, Litein na Kaplong. Hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet inajulikana mbali kwa upasuaji, ukiwemo wa moyo. Hiyo ni bahati ambayo vijiji vingi vya Kenya havina.

Lakini usihesabu kilomita. Hesabu saa, tena za usiku na mvua ikinyesha. Njia ya udongo ambayo pikipiki huipita Januari bila taabu huweza kukwamisha gari Aprili. Mtu aliyepatwa na kiharusi hawezi kungoja matope yakauke.

Wanajeshi wastaafu wana mpango wao wa bima ya matibabu, DEFMIS. Kabla hujahama, uliza ni hospitali zipi za karibu zinazokubali kadi yako. Uliza pia kuhusu bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024.

Moyo nao una makao yake

Jeshini ulikula kwa saa, ukakimbia kila asubuhi na kuishi na wenzako. Nyumbani hakuna king'ora. Wengine huendelea kula kama wanajeshi huku wachumaji wa kuajiriwa wakifanya kazi yote shambani. Wengine huamka usiku wakitokwa na jasho kwa ndoto za vita, kisha huzizima kwa pombe. Hayo ni maradhi kama mengine, na yanatibika. Ukijiona hivyo, mwambie daktari, na usikae mbali na wenzako mliotumikia pamoja.

Mkeo pia asikilizwe. Kama ameishi mjini miaka yote hiyo, huko ndiko kwenye kazi yake, marafiki na kliniki yake. Yeye ndiye atakayekuuguza, au wewe umuuguze.

Jaribu kwanza

Miche ya majani chai huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuchumwa vizuri, hivyo hakuna haja ya kumaliza kiinua mgongo kwa mwezi mmoja. Panga chumba sokoni Roret, au Litein, wakati wa mvua za masika. Kaa huko na mkeo mwezi mzima. Nenda hospitalini kwa miguu, kwa pikipiki na kwa matatu. Onja baridi ya alfajiri uone magoti yanasemaje.

Mkimaliza mwezi huo na bado mnapataka, mwite fundi.